Neno "Lishe" Kliniki na Shambani

Neno "lishe" na neno "malisho" ni ndugu wa tumbo moja. Kitenzi kula kimezaa kulisha. Mchungaji hulisha ng'ombe malishoni, mama humlisha mtoto, na wataalamu nao wakapata humo jina la elimu yao. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, inalo katika jina lake. Kwa umbo na asili, istilahi hii haina kasoro.

Kasoro imeingia katika matumizi. Siku hizi mama husema "nimempa mtoto lishe" akiwa na maana ya uji wa mahindi, soya, karanga na ulezi vilivyosagwa pamoja. Lishe imekuwa jina la unga. Tuichukue kata ya Getanuwas, wilayani Hanang, katika nchi ya Wabarbaig na Wairaki. Nyumbani huenda yamo maziwa, maharage na mboga za majani. Lakini mwenye nyumba, kwa kukosa fedha za kununua pakiti, husadiki kwamba hana lishe. Neno lililokusudiwa kumfungulia mlango limemfungia.

Ni nani atakayelirekebisha? Hapana budi awe muuguzi na ofisa ugani, yule tuliyezoea kumwita bwana shamba. Hawa wawili husomea vyuo mbalimbali, na masomo yao ya stashahada hufundishwa kwa Kiingereza. Wafikapo kijijini kila mmoja hujifanyia tafsiri yake, na mama yule yule husikia lugha mbili juu ya sufuria moja.

Mfano mzuri ni "kirutubishi". Shina lake ni rutuba, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao ni unyevu. Kwetu sisi ni nguvu ya udongo ya kuotesha. Kwa mwanafunzi wa kilimo, kurutubisha ni kutia samadi. Kwa mwanafunzi wa uuguzi, ni kazi ya chakula mwilini. Mwalimu wa baiolojia naye ana urutubishaji wa yai! Tena wataalamu wametenga "virutubishi", yaani vile vilivyomo ndani ya chakula, na "virutubisho", yaani vile vinavyoongezwa, kama vidonge vya madini ya chuma. Karatasini tofauti hiyo inapendeza. Masikioni inategemea irabu moja tu, mbele ya wasikilizaji ambao lugha zao za nyumbani si za Kibantu: Kibarbaig ni cha jamii ya Kinailo, Kiiraki ni cha Kikushi. Mimi ningependelea "vidonge vya nyongeza" na "matone ya nyongeza", hata kama wenye orodha watanung'unika.

"Udumavu", kwa upande wake, ni istilahi iliyobahatika. Mkulima ameyaona mahindi yaliyodumaa kwa kukosa mbolea, na kutoka hapo ni hatua fupi kumweleza habari za mtoto ambaye urefu wake haulingani na umri wake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hata hivyo yafaa kutahadhari. Udumavu hupimwa kwa ubao, hauonekani kwa macho, hasa pale ambapo watoto wengi wa rika moja ni wafupi. Na katika usemi wa kawaida akili nayo husemwa kuwa imedumaa. Mama akiambiwa neno hilo ghafla aweza kulisikia kama tusi. Maelezo yatangulie, jina lifuate.

"Utapiamlo" nao, kwa wengi, ni njaa tu, ingawa wataalamu huuhesabu pia unene uliozidi kiasi.

Istilahi ishirini hivi zingetosha kwa kuanzia, zikifundishwa kwa maana moja katika vyuo vya afya na vya kilimo, na wanafunzi wa pande zote mbili wakaketi pamoja kuzijaribu kabla hazijapigwa chapa. Jaribio lenyewe si gumu. Mama aelezwe istilahi kwa Kiswahili, kisha aombwe amweleze jirani yake kwa Kibarbaig au Kiiraki. Ikiwa jirani atauliza unga huo unauzwa duka gani, orodha irudishwe mezani.