Muziki Usiodai Kusikilizwa: Ala, Utulivu na Kitanda cha Mgonjwa

Mgonjwa aliyelazwa wodini hachagui sauti zinazomfikia. Kengele za mashine, magurudumu ya toroli, runinga ya jirani na mazungumzo ya zamu ya usiku humkuta akiwa hana nguvu za kuinuka na kuzizima. Katika mwongozo wake wa mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele katika vyumba vya wagonjwa isizidi wastani wa desibeli 30, kiwango kinachokaribia mnong'ono. Wodi yenye pilikapilika hukifikia kwa taabu. Swali la sauti ipi imfikie mgonjwa, na kwa idhini ya nani, ni sehemu ya huduma yenyewe.

Mkondo uliozaliwa kitandani

Mkondo mmoja wa muziki wa karne ya 20 ulipata mwelekeo wake katika hali hiyohiyo ya kutojiweza. Januari 1975, mwanamuziki Mwingereza Brian Eno aligongwa na teksi jijini London. Alipokuwa akijiuguza, rafiki yake Judy Nylon alimletea santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Kama Eno alivyosimulia baadaye, santuri ilipoanza kulia aligundua kwamba sauti ilikuwa chini mno na upande mmoja wa spika haukutoa kitu, naye hakuweza kuamka kurekebisha. Alibaki akisikia noti chache zikichomoza katikati ya sauti ya mvua. Muziki ukawa sehemu ya chumba, kama ulivyo mwanga wa dirishani.

Mwaka huohuo alitoa albamu ya Discreet Music, na mwaka 1978 ikafuata Ambient 1: Music for Airports. Katika hiyo ya pili alitumia vipande vya utepe vya urefu tofauti vilivyozunguka kwa pamoja, hivi kwamba sauti zilikutana kila mara kwa mpangilio mpya. Muziki wa namna hii, uitwao ambienti, huenda polepole na kwa marudio. Aghalabu hauna maneno wala kilele. Msikilizaji anaweza kuufuatilia au kuuacha upite. Mwaka 2013 Eno aliuleta hospitalini: alitengeneza kazi mbili za sauti na mwanga kwa ajili ya Hospitali ya Montefiore mjini Hove, Uingereza, mojawapo ikiwa chumba cha utulivu.

Anayeuchunguza mkondo huu hukutana pia na ala za jadi. Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada aliyewahi kushirikiana na Eno, alirekodi albamu ya Assembly ya mwaka 2002 pamoja na marehemu Hukwe Zawose, msanii Mgogo wa Tanzania. Humo uimbaji wa Zawose, zeze na ilimba vimeunganishwa na sauti za gitaa na mitambo. Marudio ya ilimba, yanayobadilika kidogokidogo, hayahitaji kufafanuliwa kwa msikilizaji wa Dodoma aliyekua nayo.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 73 yaliyohusu wagonjwa wapatao 7,000 waliofanyiwa upasuaji. Muziki ulipunguza maumivu, wasiwasi na matumizi ya dawa za maumivu, hata ulipopigwa mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi. Haukufupisha siku za kulazwa. Aina ya muziki haikuleta tofauti kubwa.

Utafiti mdogo wa watu 24, uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Heart, ulionyesha kwamba kasi ya mdundo iliathiri pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kuliko mtindo wa muziki. Jambo la kushangaza ni kwamba utulivu mkubwa zaidi ulionekana katika dakika 2 za kimya zilizowekwa katikati ya vipande.

Kwa nini basi mgonjwa achague? Jibu linatoka Minnesota, Marekani, ambako wagonjwa 373 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013. Waliopewa uwezo wa kusikiliza muziki waupendao, wakati wautakao, walikuwa na wasiwasi mdogo na walihitaji dawa chache za kuwatuliza kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa mtu asiyeweza kusema wala kugeuka, kuamua ni lini sauti ianze na ni lini ikome ni mamlaka adimu.

Kando ya kitanda

Muziki hauchukui nafasi ya dawa, na maumivu yanayozidi yaripotiwe hata kama mgonjwa ametulia. Mhudumu aulize kwanza: wimbo unaompumzisha mmoja unaweza kumkumbusha mwingine msiba. Simu na spika za masikioni zilizosafishwa zinatosha. Sauti iwe ya chini, na mgonjwa aendelee kusikia akiitwa. Asiyejua achague nini aanze na ala tupu zenye mwendo wa polepole, kwa dakika 20 hadi 30, kisha kimya. Asiyeweza kusema aoneshwe ishara ya kukataa kabla muziki haujawashwa, na akiitumia, uzimwe mara moja.