Watu Sita na Viti Sita: Mchezo wa Simu na Funzo Lake kwa Vijana Wetu

Wazazi wengi wametuuliza ni ipi hukumu ya michezo iliyomo ndani ya simu, ambayo vijana wetu huiinamia kutwa na kucha. Swali hili si jepesi kulijibu kwa neno moja, kwani michezo yenyewe si ya namna moja. Iko iliyo kamari tupu, iko iliyo upuzi mtupu, na iko ambayo ndani yake mna kazi ya akili. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya mchezo mmoja wa namna hii ya tatu, tuliokutana nao Madibira, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, na mambo yaliyotokea katika nyumba ya mwenyeji wetu kwa sababu yake.

Madibira ni nchi ya mpunga. Mashamba yake ya umwagiliaji, yapatayo hekta 3,000, hunyweshwa kwa maji ya Mto Ndembera, na mgeni aingiapo huko katika majira ya kilimo huyaona majaruba yametandazwa mbele yake hata jicho likachoka. Mwenyeji wetu ni mmoja wa wakulima hao, mtu wa swala tano na mkono mkunjufu. Tulifikia kwake tukakirimiwa, tukala, tukaswali Isha pamoja. Mara tukasikia sauti yake uani imepanda.

Tukatoka kutazama. Mkewe alikuwa ameweka katika simu yake shilingi 25,000, ujira wa vibarua watano wa palizi, kila mmoja shilingi 5,000, nao walikuwa waje alfajiri ya pili yake. Alipoitazama fedha hiyo akaikuta 20,000. Kijana wao wa miaka 16 aliinamisha kichwa, akakiri kwamba yeye ndiye aliyezitumia. Alikuwa amekwama katika hatua moja ya mchezo siku tatu, na mchezo ukamwambia kwamba akilipa atapewa dokezo. Akalipa mara ya kwanza, akalipa na mara ya pili. Baba yake alikuwa ameinua simu, ataka kuipiga jiweni.

Tukamwambia, "Ndugu yetu, fedha ya vibarua waliobaki imo ndani ya simu hiyo hiyo. Ukiivunja usiku huu, kesho utawalipa kwa nini?" Akasita, kisha akaketi. Nasi tukamwita kijana tukamwambia, "Njoo, mwanangu, tuonyeshe hicho kilichokushinda."

Masharti ya mchezo

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Liko basi lenye benchi moja la viti sita vilivyopangwa mstari mmoja. Mwisho mmoja wa benchi pana mlango, na mwisho wa pili pana dirisha. Wako abiria sita: mzee, mwanafunzi, mama, mtoto wake, mpiga zumari na mwuza samaki. Mchezaji atakiwa amketishe kila mmoja mahali pake bila ya kuvunja sharti hata moja. Na masharti ni matano.

La kwanza, mzee na mwuza samaki kila mmoja ataka kiti cha mwisho, ama cha mlangoni ama cha dirishani. La pili, mama na mtoto wakae bega kwa bega. La tatu, mwanafunzi asikae karibu na mpiga zumari, wala karibu na mtoto, kwani anasoma. La nne, mzee asikae karibu na mpiga zumari. La tano, mama awe karibu na mlango kuliko mtoto wake.

Tukamwuliza kijana, "Wewe ulianzaje?" Akasema, "Maalim, nilianza na mama. Nilimweka mlangoni, kwa kuwa anataka kuwa karibu na mlango." Tukamwuliza, "Na yale madokezo mawili uliyoyanunua yalikuambia nini?" Akasema, "La kwanza liliniambia kwamba mwuza samaki anakaa mwisho wa benchi. La pili likaniambia kwamba mama anakaa karibu na mtoto." Baba yake akacheka kwa uchungu, kwani hayo yote mawili yalikuwa yamekwisha andikwa katika masharti yenyewe. Kijana alikuwa amenunua kwa shilingi 5,000 kitu alichokuwa nacho mkononi bure.

Njia ya kulifumbua

Tukakata vipande sita vya karatasi, tukaandika juu yake majina ya abiria, tukavitandaza mkekani. Tukamwambia kijana aizime simu na atazame.

Kwanza tukamwonyesha ukubwa wa kazi. Watu sita katika viti sita waweza kupangwa kwa njia 720, maana kiti cha kwanza chaweza kupata watu sita, cha pili watano waliobaki, cha tatu wanne, na kuendelea hivyo. Ukizidisha zote wapata 720. Mwenye kubahatisha, kila jaribio kwa dakika moja, yamkini akamaliza saa 12 nzima. Ndiyo sababu siku tatu zilimpita.

Pili, tukaanza na lile lenye kubana zaidi. Mzee na mwuza samaki wamekwisha kushika miisho yote miwili. Hatujui bado ni nani wa mlangoni na nani wa dirishani, lakini twajua kwamba hapana mwingine awezaye kukaa mwishoni. Kwa neno hili moja, njia 720 zimebaki 48 tu. Na papo hapo lilionekana kosa la kijana: mama hawezi kabisa kuwa mlangoni.

Tatu, tukatazama viti vinne vya katikati, ambavyo ni vya mama, mtoto, mwanafunzi na mpiga zumari. Mama na mtoto ni kama kitu kimoja. Tukiwaweka upande mmoja wa viti hivyo vinne, mwanafunzi na mpiga zumari watabaki wamegusana upande wa pili, na hilo limekatazwa. Basi hapana budi mama na mtoto wakae katikati kabisa, ili wawatenge wale wawili.

Nne, yupi kati ya hao wawili yuko upande wa mzee? Mzee hamtaki mpiga zumari. Basi jirani yake ni mwanafunzi, na mpiga zumari amekuwa jirani wa mwuza samaki. Na kwa kuwa mwanafunzi hamtaki mtoto, aliye karibu naye ni mama, na mtoto yuko karibu na mpiga zumari.

Mpaka hapo safu nzima imekamilika, ila hatujui mlango uko upande gani. Ndipo likatumika sharti la tano. Mama awe karibu na mlango kuliko mtoto, na mama yuko upande wa mzee. Kwa hiyo mlango uko upande wa mzee. Ukihesabu tangu mlangoni: mzee, mwanafunzi, mama, mtoto, mpiga zumari, mwuza samaki. Hapana njia nyingine. Kijana akaiwasha simu, akawaketisha wote, na hatua ikafunguka bila ya senti moja.

Kosa lilikuwa wapi

Tukamwambia, "Mwanangu, hukushindwa kwa upungufu wa akili. Ulishindwa kwa kuongeza sharti ambalo hukupewa. Uliambiwa mama awe karibu na mlango kuliko mtoto wake. Wewe ukasoma kwamba awe karibu na mlango." Sharti lile alilolianza ndilo lililostahili kuja mwisho, na lile la kuanzia, la mzee na mwuza samaki, alilipita.

Tukamkumbusha kisa cha ng'ombe wa Bani Israili kilichomo katika Suratul Baqara. Waliamriwa wachinje ng'ombe, na lau wangalimchinja ng'ombe yeyote ingaliwatosha. Lakini walizidi kuuliza: wa umri gani, wa rangi gani, wa namna gani, na kila walipouliza, mambo yalizidi kuwabana, hata nusura wasifanye. Wangapi miongoni mwetu wanajitia katika dhiki, katika ndoa na katika mazishi, kwa masharti ambayo Mwenyezi Mungu hakuyaweka?

Mafumbo haya si mageni

Wasidhani wazee wetu kwamba mafumbo ya namna hii yameletwa na simu. Katika hadithi za Waswahili wa Unguja kimo kisa cha mgeni aliyekataa kumlipa Sultani ushuru, akatakiwa avushe mto chui, mbuzi na majani ya mti, katika chombo kilichoweza kuchukua viwili tu pamoja naye, wala asiache viwili pamoja ukingoni. Akavuka na mbuzi na majani. Akayaacha majani ng'ambo, akarudi na mbuzi. Kisha akavuka na mbuzi na chui. Mwenye haraka huona kumrudisha mbuzi ni hasara, kumbe ndiko kufaulu. Na huko Ulaya liko fumbo lililo ndugu yake, la mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, katika mkusanyo wa mafumbo ya kunoa akili za vijana, unaonasibishwa na Alcuin wa York aliyefariki mwaka 804. Vitu vya namna hiyo babu zetu waliviweka katika mazungumzo ya usiku, mzee akitega na watoto wakitegua. Lililogeuka leo ni kwamba mtoto huketi peke yake, na anayemtegea amemwekea na bei.

Neno letu kwa wazazi na vijana

Basi hukumu tunayoiona ni hii. Mchezo wenye kunoa akili, usio na kamari wala picha za aibu, usiokula wakati wa swala, wa masomo wala wa kazi ya wazazi, hatuuoni kuwa dhambi. Lakini Mwenyezi Mungu amewasifu Waumini kwa kujiepusha na upuzi, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya kwamba watu wengi hupunjika katika neema mbili: afya na nafasi. Mchezo ukikutoa katika swala, umekwisha kuwa upuzi hata ukiwa na hesabu ndani yake. Na ukikutoa katika amana, umekwisha kuwa msiba.

Enyi wazazi, msiivunje simu kabla hamjauliza ndani yake mna nini. Ketini na watoto wenu japo kwa robo saa. Nanyi vijana, mkikwama, ulizeni nyumbani kabla ya kununua. Akili hii ina kazi kubwa kuliko basi la kuchora. Madibira kwenyewe ugawaji wa maji ni fumbo la namna hii: mfereji ni mmoja, wenye majaruba ni wengi, na kila mmoja ana haja yake na zamu yake. Mtume (s.a.w.) alipoletewa ugomvi wa maji baina ya Zubeir na mtu wa Ansari, alimwelekeza Zubeir anyweshe shamba lake kisha amwachie jirani maji yapite. Atakayejifunza kumpatia kila mtu mahali pake bila ya kumdhulumu mwingine, huyo ndiye tunayemhitaji katika vikao vyetu.

Ama ile shilingi 5,000, baba alitaka wapunguzwe vibarua, wabaki wanne. Mkewe akakataa. Wa tano alikuwa mama mjane, naye amekwisha kuahidiwa. "Siwezi kumrudisha mlangoni kwa kosa la mwanangu," alisema, na Mtume (s.a.w.) ameamuru mwenye kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kijana akasema, "Mama, nimekula amana yako, nisamehe." Usiku ule ule baba akaenda kwa jirani akakopa shilingi 5,000, na makubaliano yakawa kwamba kijana atazilipa kwa kupalilia jaruba la jirani kutwa moja.

Alfajiri tulipotoka msikitini tulimwona ameshika njia ya shambani, suruali imekunjwa magotini. Vibarua wote watano walikuwa wamekwisha fika uani kwa mama yake, hapana aliyeachwa amesimama nje.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, awape akili zenye kunufaisha, na atujaalie sisi wazazi subira ya kuketi nao. Amin.