"Mstari wa Kugeuka": Istilahi za Uaguzi wa Kichina

Yijing ni kitabu cha kale cha Wachina cha uaguzi na hekima. Mtafsiri anayekishughulikia hukabiliwa mapema na tatizo la istilahi ambalo, lisipotatuliwa vema, humpeleka msomaji ukurasa usio wake. Kitabu hicho kina maumbo 64. Kila umbo lina mistari sita, ihesabiwayo kutoka chini kwenda juu, na kila mstari ama ni mzima ama umekatika katikati.

Neno "heksagramu" hatulipendelei, kwa kuwa katika jiometri hutaja nyota ya pembe sita. Wala "ramli" haifai: ramli ijulikanayo katika pwani yetu ina maumbo 16, kila moja la safu nne za nukta. Twaona yatosha kusema "umbo la mistari sita", na baadaye "umbo" tu.

Tatizo kubwa zaidi ni ile mistari igeukayo. Katika njia moja iliyoenea, mwaguzi hurusha sarafu tatu mara sita, kila mara akipata mstari mmoja. Upande mmoja wa sarafu huhesabiwa 3, wa pili 2. Jumla huwa 6, 7, 8 au 9. Mstari wa 7 ni mzima na wa 8 umekatika. Hiyo huitwa michanga, nayo hubaki ilivyo. Mstari wa 9 ni mzima na wa 6 umekatika; hiyo huitwa mikongwe, nayo hugeuka kuwa kinyume chake, kwani kilichofikia upeo hakina budi kugeuka. Hivyo huzaliwa umbo la pili.

Ni rahisi hapa kuandika "mstari uliobadilika". Lakini kiambishi -li- chaonyesha kwamba badiliko limekwisha kutokea, na msomaji atautafuta mstari huo katika umbo la pili. Tuseme umepatikana umbo la 1, lenye mistari mizima mitupu, na mstari wa chini ndio pekee mkongwe. Ukigeuka, hupatikana umbo la 44. Maelezo yanayohusika ni ya mstari wa chini wa umbo la 1, yahusuyo joka lililojificha. Aliyepotoshwa na istilahi atasoma ya umbo la 44, ambayo ni mengine kabisa.

Mwanafalsafa Zhu Xi (1130–1200) aliweka kanuni: ukigeuka mstari mmoja, husomwa maelezo yake katika umbo la kwanza, ikigeuka minne au mitano, husomwa ya ile isiyogeuka, katika umbo la pili. Kwa hiyo istilahi mbili zahitajika, si moja.

Twapendekeza "mstari wa kugeuka" na "mstari wa kutulia". Zote mbili hutaja tabia ya mstari bila kutaja wakati, na humwachia msomaji kanuni imwongoze umbo la kusoma.