Herufi Moja Kati ya Mlima na Msitu

Ntoto iko mpakani mwa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo. Ukielekea mashariki unapanda milima ya malisho, ya ng'ombe na jibini, ambako urefu unapita mita 2,000 na usiku mtu hujifunika blanketi zito. Ukielekea magharibi unaingia msitu wa Walikale, penye joto, unyevu na mbu wa malaria mwaka mzima. Safari ya mtu kwa miguu inatosha kumtoa kwenye hewa moja na kumtia kwenye nyingine. Tofauti hiyo ya hewa inasaidia kueleza kuenea kwa ugonjwa unaoua watoto wengi Kongo: selimundu, ambao watu wengi wa Kongo wanauita SS.

Tuanze ndani ya seli. Katika kiini chake kuna DNA yenye urefu wa karibu mita 2, iliyokunjwa na kugawanywa katika kromosomu 46. Imeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, kwenye nyuzi mbili zinazotazamana: A hukaa mbele ya T, na G mbele ya C. Kwa hiyo kila uzi una habari ya kutosha kumjenga mwenzake. Seli inapojiandaa kugawanyika, kimeng'enya kimoja huzitenganisha nyuzi, na kingine kiitwacho polimerasi hupita juu ya kila uzi kikiweka herufi inayolingana, kama 50 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kimeng'enya kimoja kingehitaji zaidi ya miaka 3 kunakili herufi zote bilioni 6. Seli huimaliza kazi kwa saa chache tu, kwa sababu huanza kunakili mahali pengi, maelfu kwa maelfu, kwa wakati mmoja.

Polimerasi hukosea. Lakini hurudi nyuma, hung'oa herufi isiyofaa na kuweka nyingine, kisha vimeng'enya vingine hupita kukagua, hata kosa linalobaki likawa kama moja kwa kila herufi bilioni. Makosa hayo machache yakitokea katika mbegu ya baba au yai la mama, hurithiwa. Kila mtoto anayezaliwa ana mabadiliko mapya kama 60 ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, na mengi hayamdhuru wala kumfaa.

Badiliko linaloleta selimundu ni la zamani mno. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 unalirudisha kwa mtu mmoja aliyeishi takriban miaka 7,300 iliyopita. Lilitokea kwenye kromosomu ya 11, katika jeni inayoelekeza utengenezaji wa beta, mojawapo ya minyororo ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Pale palipokuwa na GAG, A iligeuka T, pakawa GTG.

Kosa la herufi moja humfikiaje mtoto kama maumivu ya mifupa? Jeni peke yake haifanyi kazi, husomwa. Katika uboho, ndani ya seli changa za damu ambazo bado zina kiini, jeni ya beta hunakiliwa kuwa RNA. RNA hiyo hutoka nje ya kiini hadi kwenye ribosomu, ambazo huisoma herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino yake. Beta ina asidi amino 146. GAG huita asidi glutamiki mahali pa sita. GTG huita valini. Zile nyingine 145 zote ziko sawa. Lakini valini hukwepa maji, na himoglobini inapokwisha kuachia oksijeni, valini hiyo hujishikiza kwenye molekuli ya jirani, nayo jirani kwa nyingine, mpaka nyuzi ngumu zinajaa ndani ya seli na kuipinda ikawa na umbo la mundu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii iliyopinda huvunjika kwa siku 10 hadi 20. Ndipo upungufu wa damu, macho ya manjano, vidole kuvimba, na mishipa midogo kuziba kwa maumivu ambayo mtoto hawezi kuyaeleza.

Haya humpata aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, yaani SS. Aliyeirithi upande mmoja, yaani AS, huishi kama wengine. AS akizaa na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba, haijui watoto waliotangulia. Nalisema hili wazi kwa sababu ya akina mama wanaofukuzwa kwa kuitwa wachawi au wenye damu mbaya: bila jeni ya baba, mtoto huyo asingekuwa SS.

Kwa nini basi badiliko lenye kuua limedumu miaka elfu saba? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu nchini humo mwaka 1949 akaona jambo geni: Pwani na kando ya Ziwa Victoria, watu wenye AS walikuwa wengi, hata kupita mmoja kati ya watano, ilhali nyanda za juu walikuwa karibu hawapo. Ramani ya AS ilikuwa ramani ya malaria. Mwaka huohuo, watafiti waliopima watu Uganda walikuta kati ya Waamba wa Bundibugyo, jirani kabisa na Kongo, AS wapatao 45 kwa kila 100. Mwaka 1954 Allison alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtu na malaria. Leo tunajua kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Penye mbu wengi, mtoto AS aliishi akazaa, na jeni ikaenda mbele pamoja naye. Mlimani kwenye baridi haikuwa na faida, ikabaki hasara tupu.

Kwa hoja hiyo mtu angetarajia jeni hii iwe nyingi zaidi upande wa msituni wa Ntoto kuliko upande wa malishoni. Lakini hoja ya mababu haitoshi kumpima mtu wa leo. Mauaji yaliyoanza Machi 1993 kwenye soko la Ntoto yaliwasha vita vya Masisi, na tangu hapo watu wa milima na wa msitu wamekimbia mara nyingi, wakachanganyika kambini na mijini, wakaoana. Wengine wameshuka kutoka mlimani kwenda kuchimba kasiterite, madini ya bati, Walikale, na malaria huwapiga vibaya kwa kuwa hawakukua nayo. Mganga anayeuliza kabila au kilima cha mgonjwa kabla ya kumfikiria SS anapoteza muda. Tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga linatosha, na vipimo vya haraka visivyohitaji umeme vipo.

Mtoto SS huonekana mzima miezi ya kwanza, na hapo ndipo tiba ilipopata mlango. Tumboni anatumia himoglobini nyingine, inayotoka kwenye jeni ya gama. Baada ya kuzaliwa, gama hunyamazishwa taratibu na beta huchukua nafasi. Kufikia mwezi wa sita hivi ugonjwa huanza kujitokeza. Gama haikufutwa, iko palepale kwenye kromosomu ya 11. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 huiamsha gama hiyo, kwa bei inayopita dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja nchini Marekani.

Hidroksiyurea, kidonge cha zamani na cha bei nafuu, nayo huongeza himoglobini ya gama. Jaribio lililofanyika Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, likachapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba kwa watoto wanaoitumia maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia. Lakini dawa hii inapunguza kasi ya kunakiliwa kwa DNA katika uboho, na kipimo kikizidi seli za damu hupungua mno. Kwa hiyo mtoto anayeitumia apimwe hesabu ya damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Familia ya Ntoto inahitaji kidonge chenyewe, mashine ya kuhesabu seli karibu na nyumbani, na barabara inayopitika hadi kwenye mashine hiyo.