Marekani: Fidia ya Maumivu Hutegemea Jimbo

Daktari wa upasuaji anasahau kitambaa tumboni mwa mgonjwa. Mgonjwa huyo atalipwa kiasi gani? Nchini Marekani jibu hutegemea jimbo alikotibiwa, kwa kuwa kesi nyingi za uzembe wa kitabibu huamuliwa kwa sheria za majimbo.

Tazama California. Mwaka 1975, bima ya madaktari ilipopanda bei ghafla, Gavana Jerry Brown alitia saini sheria iitwayo MICRA. Gharama za matibabu na kipato kilichopotea hazikuwekewa kikomo, lakini fidia ya maumivu na majonzi ilikomea dola 250,000. Kiasi hicho kilibaki vilevile kwa miongo minne na ushei, huku maisha yakizidi kuwa ghali.

Mwafaka ulipatikana 2022. Tangu Januari 2023, kikomo kilianzia dola 350,000, au 500,000 mgonjwa akifariki, na kinapanda kila mwaka hadi kufikia 750,000 na milioni 1.

Kwingine ni tofauti. Texas iliweka kikomo chake mwaka 2003. Mahakama za juu za Illinois na Georgia zilivifuta vya kwao mwaka 2010. New York haina kabisa.

Muda nao haumsubiri mtu. Kwa kawaida, mtu mzima California hushtaki ndani ya mwaka 1 tangu agundue madhara, au miaka 3 tangu yatokee, lolote litakalotangulia. Tena sharti ampe daktari notisi ya siku 90. Mwenye ndugu huko amhimize kuomba nakala ya faili lake la matibabu mapema.