Krismasi hii, unda meko ya katoni nyumbani

DESEMBA ikibisha hodi, wazazi wengi mijini huanza kupiga hesabu. Nauli za magari ya kwenda mashambani hupanda, huku Januari ikingoja mlangoni na madai yake ya karo, sare na vitabu. Je, familia isiyosafiri ifanye nini ili watoto wasione kwamba sikukuu imewapita?

Swali hili lilinikabili mwaka jana. Nilipowaambia watoto kwamba hatungeenda kwa nyanya yao, kitinda mimba aliuliza: "Sasa hadithi tutasimuliwa wapi?" Kwake yeye, Krismasi si keki wala nguo mpya. Ni mafiga matatu jikoni mwa nyanya, moto ukiwaka, na sauti ya ajuza huyo ikipanda na kushuka.

Jibu sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni katoni tupu. Tukaamua kuunda meko ya mapambo.

Desturi ya kupamba meko msimu huu ilitoka nchi za baridi, ambako Desemba huwa ni majira ya theluji na jamaa huota moto sebuleni. Shairi moja lililochapishwa gazetini huko Marekani mwaka 1823 lilisaidia kueneza picha ya soksi za watoto zilizotundikwa mekoni, na mzee wa zawadi akishuka kupitia dohani. Hapa Nairobi, nyumba za zamani katika mitaa kama Karen na Muthaiga zina meko ya sebuleni kwa ajili ya baridi ya Julai. Sisi wa fleti hatuna dohani, lakini katoni hazitupigi chenga.

Vifaa

Omba dukani katoni nane za ukubwa mmoja, zenye urefu wa sentimita 45 na upana wa 30 hivi. Zikung'ute nje na kuchunguza mikunjo yake kabla ya kuziingiza ndani, maana mende hupenda kujificha humo. Tafuta pia magazeti ya zamani, selotepu pana, kisu, sponji na rangi ya maji.

Gundi ipike mwenyewe. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika vikombe vinne vya maji baridi, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi iwe nzito kama uji. Iache ipoe.

Namna ya kuunda

Simamisha katoni mbili, moja juu ya nyingine, ziwe nguzo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, ukiacha nafasi ya sentimita 75 katikati. Zijaze magazeti yaliyofinyangwa zisibonyee, na chini kabisa utie mawe ili meko yasimwangukie mtoto.

Unganisha katoni tatu ziwe boriti na uilaze juu ya nguzo, ukitanguliza fito mbili chini yake ili isipinde. Katoni ya nane ipasue, uipake rangi nyeusi na kuiweka nyuma.

Bandika vipande vya gazeti kote kwa gundi, uache vikauke usiku kucha. Paka rangi ya kijivu. Kisha kata sponji iwe mstatili, uichovye katika rangi nyekundu na kugonga matofali. Kumbuka kuanza kila mstari wa pili kwa nusu tofali, kama afanyavyo fundi. Hii ndiyo kazi watoto wanayoigombania!

Ndani, panga vijiti vitatu vya kuni na karatasi laini za rangi nyekundu na manjano. Nyuma yake ficha tochi ndogo ya betri.

Tahadhari

Usithubutu kuweka mshumaa ndani wala juu ya meko haya. Karatasi kavu, gundi na rangi ni chakula cha moto, na nyumba zetu zimebanana. Yaweke mbali na jiko pia.

Jioni ya Krismasi tulizima taa za sebuleni, tukawasha tochi. Tukampigia nyanya simu na kuiweka juu ya meko, sauti ikiwa imefunguliwa. "Paukwa!" akasema. "Pakawa!" watoto wakaitikia kwa kishindo. Alisimulia hadithi mbili, kisha akauliza kama moto huo una moshi. Alipoambiwa ni wa maboksi alicheka sana, halafu akanyamaza kidogo.

"Ni vizuri," akasema. "Lakini mwaka ujao mje mwote huu wangu."

Msimu ulipokwisha, tulikunja katoni na kuziweka chini ya kitanda. Nauli tumeanza kuiweka akiba tangu Februari.