Kwa nini onyo la volkano huhitaji njia ya kupita

Jioni ya Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ililipuka bila wakazi wa Goma kupewa onyo rasmi. Miezi michache kabla, kituo cha uangalizi wa volkano mjini humo kilikuwa kimekosa fedha za kulipia intaneti ya kupokelea taarifa za vifaa vyake vya mbali.

Hata intaneti ikiwapo, taarifa sharti kwanza ziteremke mlimani, ambako hakuna nguzo za umeme. Vihisi visivyotumia waya hutegemea betri, na kinachomaliza betri hasa ni redio, si upimaji. Umbali wa kutuma ukiongezeka maradufu, nguvu inayohitajika hupanda mara nne au zaidi. Ndiyo maana vihisi hupokezana ujumbe, kila kimoja kikimpa jirani yake, mithili ya wakimbiaji wa kupokezana vijiti.

Nafuu hiyo ina gharama. Kila mpokezano huongeza ucheleweshaji, na vihisi vilivyo karibu na kituo hubeba mizigo ya wenzao wote. Hivyo ndivyo huzimika kwanza, na mtandao hukatika ilhali vya mbali vingali na chaji.

Programu ya kuelekeza data hulazimika kupima muda uliosalia kabla taarifa haijapoteza maana, pamoja na chaji ya kila jirani. Kipimo cha joto cha kila saa chaweza kuzungushwa njia ndefu yenye betri zilizojaa. Mtetemo mkubwa hupewa njia ya haraka, gharama iwe iwayo.

Mfano mzuri ni wa mbali kidogo: volkano ya Reventador nchini Ekuado, mwaka 2005. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Harvard, walipanga vihisi 16 kwenye mstari wa kilomita 3 kwa siku 19. Vihisi havikutuma kila kitu. Asilimia 30 kati yake vilipoashiria mtetemo, ndipo kompyuta ya kituoni ilipoviomba vilete kumbukumbu za sekunde 60.

Betri hazikuwa kikwazo kikubwa huko. Kilichosumbua ni hitilafu ya programu iliyolemaza mtandao kwa siku 3, na umeme uliokatika mara kwa mara kwenye kituo cha kupokelea, mwisho kabisa wa njia.